Nilimsemea Nikiwa na Koti la Marehemu

Baba yangu aling'olewa jino zima, lisilo na kosa lolote, mnadani pale Kongwa, na alicheka.

Nianzie hapo, ingawa silo jambo nililokaa kuliandika. Kongwa ya utoto wangu ilikuwa bado ina vyuma vya wazungu waliokuja kulima karanga, matrekta yaliyokufa yamesimama porini, miti imeota katikati ya magurudumu, na sisi watoto tuliingia humo tukajifanya madereva wa kwenda popote. Siku ya mnada walikuja wafugaji, wauza chumvi, wauza mashuka, na alikuja mtu mmoja mwenye koleo, kigoda na debe tupu. Kazi yake ilikuwa kung'oa meno. Debe lilikuwa na mpigaji wake, jitu refu lisilosema, na kazi ya hilo jitu ilikuwa kulitwanga debe pale tu koleo linapoingia mdomoni, ili waliokaa foleni wasisikie mwenzao anavyolia.

Lakini debe lilikuwa la ziada. Yule mng'oaji alikuwa na maneno. Baba alipokaa kwenye kigoda, shavu limejaa kama ameficha embe, yule mtu alimfungua mdomo akawageukia watu.

"Jamani, humu ndani ni stesheni," akasema. "Treni zimeondoka zote, imebaki hii moja na dereva wake kalewa."

Watu wakaangua kicheko. Baba naye, mdomo wazi, koleo ndani, akacheka. Debe likalia. Jino likatoka, likainuliwa juu watu wote walione, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu niliona kwamba ni jeupe, halina hata doa. Baba alitema damu, akajifuta kwa pindo la shuka, akacheka tena, kwa sababu watu walikuwa hawajamaliza kucheka, na mtu aliyezungukwa na umati unaocheka huona haya kuwa yeye peke yake ndiye asiyecheka. Tulifika nyumbani shavu liko vilevile. Mama akamwambia afungue, akachungulia, akasema, "Bovu si hili hapa, limekaa?"

Mnada uliofuata baba alirudi. Mimi moyoni nilijua anakwenda kupigana, nikakimbia nyuma yake nione. Yule mtu alimwona kwa mbali, hata salamu hakumpa nafasi.

"Mteja wangu huyo," akasema. "Ameonja, amerudi kuongeza."

Watu wakacheka, baba akacheka, akakaa kwenye kigoda. Lile bovu nalo likatoka. Baba alikufa mzee kabisa, na mapengo yake yaliyopakana, na kila alipokisimulia kisa hicho alikisimulia kama kichekesho. Sijamsikia hata siku moja akimsema vibaya yule mtu.

Shuleni sikukaa sana. Kusoma ninasoma, kuandika ninaandika kama hivi mnavyoona, polepole, maneno yakija mengi nayaacha yapite. Lakini pale mnadani nilisoma. Nilijua kwamba mtu anayekuchekesha anaweza kukutoa kitu kizima mwilini na ukamshukuru.

Nikaanza kumwigiza. Nilichukua kipande cha chuma cha trekta nikafanya koleo, nikawang'oa meno mbuzi, kuku, wadogo zangu, na maneno yale yale ya stesheni. Wajomba wakacheka. Mama ndiye hakucheka, alisema nitakuja kuwa mpumbavu wa watu. Mama alikuwa na tabia ya kusema ukweli wakati mtu hauhitaji. Tumwache, amelala zamani.

Sasa nieleze utani, maana najua kuna wasomaji wa sehemu ambako hauna nguvu. Kwetu, watoto wa shangazi na watoto wa mjomba ni watani. Mimi shangazi yangu aliolewa Gulwe, kule karibu na reli, akazaa watoto wanaume wawili, na mimi na hao tulikuwa watani tangu tunatambaa. Mtani ana ruhusa. Msibani ndipo ruhusa yake inapoonekana. Watu wamejaa, wanalia, wewe unaingia umevaa nguo za marehemu, unatembea kama marehemu, unakohoa kama marehemu, unadai chai yako. Unalala kaburini kabla hajaingizwa, unakataa kutoka mpaka upewe kuku. Na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Akikasirika mtu, yeye ndiye mwenye kosa, siyo wewe. Na neno utakalolisema, hata liwe kali namna gani, linahesabiwa ni upepo. Halishikwi.

Katika kazi hiyo, nasema bila haya, kuanzia Gulwe hadi Mpwapwa hadi Kongwa sikuwa na mwenzangu. Palikuwa na sheikh mmoja alikuwa akinikemea kila msiba, "Mzee, mwache maiti apumzike." Siku alipokufa yeye, wanawe walinitumia mtu. Nikawaambia sisi si watani. Wakasema, wewe njoo tu. Nikaenda, nikamkemea maiti kwa sauti yake mwenyewe, na mjane akacheka mpaka akashikiliwa.

Watoto wa shangazi, basi. Mkubwa alikuwa mtu wa watu, mfupi, tumbo mbele, koti la kahawia mwaka mzima hata jua liwe linachoma mawe. Mdogo, ambaye ni rika langu, alikuwa na kigugumizi. Si kile kidogo cha kukwama na kuendelea. Neno lilikuwa likimshika koo kama mfupa, macho yanatoka, mshipa wa shingo unasimama, na wewe uliye mbele yake unaanza kusikia joto. Tulipokuwa wadogo kaka yake ndiye aliyemmalizia maneno. Mimi niliyaigiza. Nilikuwa nikiyaigiza vizuri kiasi kwamba hata shangazi aliyekuwa jikoni aliitika akidhani ni mwanawe anayemwita.

Binamu yangu huyo alikuja kufanya kazi kwenye gengi la reli, kundi la watengenezaji wa njia, kutwa nzima nyundo na koleo na mchanga wa mafuriko, maana pale Gulwe mto ukifurika huwa unaizika reli kama unapanda mbegu. Kazi ile haidai maneno. Ikamfaa. Akapata na mwendo wa watu wa reli, hatua moja ndefu moja fupi, ya mtu aliyezoea kukanyaga taruma hadi taruma, yale yanayolala chini ya vyuma vya reli, na hata alipostaafu, hata akiwa kwenye vumbi tupu, alitembea hivyo hivyo. Huo mwendo nao niliuigiza. Nini sikumwigiza mtu yule.

Mke alikuwa naye, akaondoka. Hakuoa tena. Akaishi kwenye ua wa kaka yake, nyuma ya zizi, ndani ya tembe la mama yao. Nyumba zote za jirani zimeshapigwa bati, lile tembe limebaki, chini, paa la udongo, mlango wa kuinamia. Kila mwaka kabla ya mvua alipanda juu mwenyewe na udongo na samadi akaliziba. Alizaliwa mle ndani, kwenye chumba cha upande wa zizi, na ndicho alicholala. Mbuzi wake wachache walilala upande wa pili wa ukuta. Alikuwa akisema anasikia wanavyotafuna, na kwamba asipowasikia halali. Hilo alilisema kwa muda mrefu, lakini nilimsubiri akamaliza. Wakati mwingine nilimsubiri, isije ikaonekana sikuwa mtu kabisa.

Kaka yake akapigwa na kiharusi. Akalala kitandani, upande mmoja umekufa, na watoto wake, ambao wako Dodoma na Dar es Salaam na kazi zao, walileta godoro zuri na kiti cha magurudumu ambacho hakikuweza kupita kwenye mchanga. Aliyemlisha ni mdogo wake. Aliyemgeuza, aliyemfua, aliyemnyoa, ni huyo. Wazee wawili kwenye ua, mmoja hawezi kusema kwa sababu ya ugonjwa, mwingine kwa sababu ya kuzaliwa. Niliwahi kuwatembelea nikawaambia, "Humu ndani kuna kelele sana, siwezi kukaa." Mgonjwa alicheka kwa upande wake mmoja.

Akafa kiangazi. Nilipigiwa simu mimi hapa Miyuji ninakokaa kwa binti yangu, nikaenda, tukazika. Na siku iliyofuata maziko binamu yangu akanivuta nyuma ya zizi.

Niandike alivyosema, bila kuyakata kata, maana nikiyaandika kama yalivyotoka nitakuwa nimerudia kosa lile lile. Alisema watoto wa marehemu wameshaamua. Ua wote unasafishwa, tembe linabomolewa, inajengwa nyumba ya kisasa ya kufikia wakija likizo. Yeye atapelekwa Dodoma kwa mtoto mkubwa wa marehemu, apewe chumba cha uani. Mbuzi watachinjwa kwenye hitima. Hakuwa anakataa nyumba ya kisasa. Waijenge. Anachotaka ni tembe libaki mpaka afe, basi, halafu walivunje siku hiyo hiyo wakitaka, hata kabla ya kumwosha. Kesho kuna kikao cha ukoo, na yeye akisimama kusema kwenye kikao, nilijua mwenyewe itakuwaje.

"Unisemee wewe," akasema. "Wewe una mdomo."

"Nikikusemea utanipa nini?"

"Ni-ni-nitakuzika mwenyewe."

"Wewe unizike? Ukifika mwisho wa talkini nitakuwa nimeshaoza."

Akacheka kwa mabega, hana sauti akicheka. Nikamwambia niachie, nitawageuza. Na nilimaanisha. Palikuwepo imamu wa pale, mtu mpole, anayesikilizwa. Palikuwepo balozi wa nyumba kumi. Palikuwepo mzee mmoja wa gengi la zamani ambaye watoto wa marehemu wanamheshimu. Binamu yangu angeweza kwenda kwa yeyote kati ya hao. Alikuja kwa mtani wake kwa sababu alidhani mdomo ni mdomo. Na mimi nilikubali kwa sababu hakuna mtu, tangu nizaliwe, aliyekuwa ameniomba niseme jambo la kweli.

Ile hotuba ninayo. Ndiyo maana ninaweza kuieleza. Binti wa marehemu, mwalimu, aliichukua kwa simu akaitia kwenye kundi la ukoo, na binti yangu huku Miyuji akanionyesha. Nimeitazama sana. Nakaa hapa barazani asubuhi, binti akienda kazini ananiwekea simu ya zamani, najua pa kubonyeza. Mtu hajioni akisema. Mimi nimepata bahati hiyo uzeeni, na nitasema nilichokiona.

Kwanza koti. Asubuhi ile ya siku ya tatu nilifanya kazi yangu ya mtani kama kawaida. Nilivaa koti la kahawia la marehemu, nikajaza kanga tumboni, nikaingia uani nikiburuta mguu mmoja na mkono umening'inia, nikadai uji. Watu walicheka na kulia pamoja, ikawa nzuri, labda nzuri kuliko zote. Kisha ikaja saa ya kikao, watu wakakaa chini ya turubai, mtoto mkubwa wa marehemu akafungua. Huyo ni mtu wa ofisi, miwani, sauti ya taratibu. Akasema ajenda ni moja, makazi ya baba mdogo. Akaeleza. Akasema Dodoma kuna hospitali karibu, kuna maji ya bomba, baba mdogo ameteseka vya kutosha. Alisema vizuri, sitamnyima. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. Na kwenye simu naona, nimesimama na koti la marehemu. Tumbo la kanga liko palepale, pindo la kanga limetokeza chini kama mkia. Nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nimejiandaa tangu jana, nimepanga neno la kwanza na la pili, nimejinyoa, na sikuvua koti. Mtu yeyote mwingine angesimama kumwombea mwenzake akiwa amevaa kama mtu. Mimi nilisimama kama maiti aliyeshiba.

"Asalaam aleikum," nasema pale. Watu wanaitika huku wameshaanza kutabasamu.

"Leo sisemi kama mtani."

Kicheko.

"Nasema kweli."

Kicheko kikubwa zaidi. Mama mmoja anasikika akisema, "Huyu mzee huyu, nitakufa."

Sauti yangu ni nzuri, hilo nalikubali. Imetoka kifuani, haitetemeki. Mkono wa kulia nimeuinua mapema mno. Mkono ukiinuka kabla ya neno, neno likija linakuta hakuna kazi. Nikaendelea. Nikasema, "Marehemu alipolala, nani alimgeuza?" Hapo nilinyamaza, nikawatazama mmoja mmoja, na ninyi mnaosema mbele za watu mnajua, kimya kile ndicho chenye nguvu. Kimya changu kilikuwa kizuri. Kama ningekuwa na kanzu, ndani ya kimya kile tembe lingebaki. Lakini nilikuwa na tumbo la kanga, na yule mama akajibu, "Jigeuze tukuone." Watu wakaanguka.

Nikajaribu tena. Nikasema yule mzee amekaa na kaka yake miaka yote, amemlisha kwa kijiko. Nikasema anachotaka ni kitu kidogo. Nikamwonyesha kwa kidole, amekaa pembeni juu ya gunia, kofia mkononi, ananitazama. Ameinamia mbele. Anatingisha kichwa kila nikimaliza neno, kama mtu anayefuata Fatiha. Alikuwa ananiamini, naona mpaka leo, nikisimamisha picha.

Na kila nilichokisema kilikuwa kweli, na kila kweli iliwachekesha. Mtu wa ofisi mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Nikausikia ule mchemko. Ambaye hajausikia hatajua. Kicheko cha watu wengi kinakuinua chini ya kwapa kama mtoto. Nilikuwa naona wazi njia mbili. Ya kwanza, nivue koti, niliweke chini, nirudie tangu salamu. Ingekuwa ngumu, wangenyamaza kwa kuchoka, baadaye labda wangesikia. Ya pili ilikuwa pale pale, imeshafunguka, nateremka tu.

Nikateremka.

"Nilimwuliza jana," nikasema, "ndugu yangu unataka nini. Akaanza kunijibu. Nimekwenda Mpwapwa, nimenunua vitunguu, nimerudi, bado yuko kwenye herufi ya kwanza."

Na nikamfanya. Macho, mshipa wa shingo, vidole vinavyopigapiga paja. Sijamfanya vile tangu tukiwa watoto, na mkono haukusahau. Turubai zima lilitikisika. Watu wanasikika wakigonga sahani.

"Mnataka kumpeleka Dodoma?" nikasema. "Mpelekeni. Akitaka kushuka kwenye gari amwambie kondakta shu-shu-shu, atashushwa Singida."

Kama kazi, hapa sina pa kujikosoa. Kila neno limekaa. Pumzi iko mahali pake. Nimemgeukia mtoto mkubwa, nimemgeukia imamu, na imamu ameficha mdomo kwa mkono wa kanzu. Nimetoka kwenye uso wa yule nikaingia kwenye mwendo wake, taruma hadi taruma, na koti la kaka yake mgongoni, ikawa kama ndugu wawili wanatembea ndani ya mtu mmoja. Sijui nilipata wapi. Nikitazama hapo hucheka. Ndiyo, hucheka, hapa barazani, peke yangu. Binti yangu alinikuta siku moja.

"Unacheka nini, baba?"

"Hapa nimefanya vizuri."

Akanitazama. Yeye hana maneno mengi, amechukua kwa bibi yake. "Ulikuwa umeombwa ufanye hivyo?" akasema, akaenda kufua.

Basi, pale katikati ya kicheko binamu yangu alisimama. Watu wakadhani ameingia mchezoni, wakampigia makofi. Kweli ndiyo hivyo inavyokuwa, mtani akikuvua nguo unasimama na wewe unacheza, mnamaliza pamoja. Alitaka kusema. Kofia ameiminya.

"Mi-mi-mi..."

Watu hoi. Walikuwa wanamsikia yeye na mimi kwa pamoja, sasa hakuna tena aliyejua yupi ni wa kweli.

"Mi-mimi..."

Nilijua anachotaka kusema. Hakuna mtu chini ya turubai lile aliyekijua kuliko mimi, alinieleza nyuma ya zizi kwa taratibu, neno kwa neno. Nami nikainua mkono, safari hii kwa wakati wake hasa, nikasema kwa sauti yake, laini, bila kukwama hata mara moja:

"Mimi nimekubali. Asanteni wanangu, gari liko wapi?"

Walipiga makofi mpaka kuku wakaruka. Mtoto mkubwa wa marehemu alisimama, anafuta machozi, akasema, "Mtani kamaliza yote jamani. Baba mdogo karidhia. Tusome dua, chakula kiletwe."

Nimejiuliza kama ningeweza kusema wakati ule, hapana, nilikuwa natania, mzee hakukubali. Ningeweza. Lakini wangenicheka. Ndiyo faida ya mtani, halishikwi neno lake, ila hilo moja wakalishika, kwa sababu ndilo walilokuwa wanalitaka. Na yule aliyesemewa hana haki ya kukasirika. Ndiyo desturi. Nimeitumikia maisha yangu yote na haijawahi kuniumiza mimi.

Kwenye simu hapo picha inarudi kwangu. Nimefungua mikono, koti limetanuka, naupokea ule upendo wa watu. Lakini nyuma ya bega langu la kushoto kuna njia ya kati ya jiko na zizi, na mwalimu alipokuwa ananichukua mimi, njia nayo ikaingia. Nimeiona baada ya kutazama mara nyingi. Watazamaji wengine hawaoni, wananitazama mimi.

Binamu yangu hakukaa tena kwenye gunia. Alibaki amesimama kidogo, akanitazama, na sikuona hasira usoni mwake, ningeiona ningeijua. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kusema. Kisha akavaa kofia yake, akaisawazisha kwa mikono miwili. Akachukua fimbo iliyokuwa imeegeshwa kwenye nguzo ya turubai. Wanawake walikuwa wanateremsha sufuria ya pilau, mmoja akamwambia neno, labda kwamba nyama ya mbuzi wake imeiva, naye akainua mkono kidogo, kama anavyofanya akipitwa na treni. Waliomwona walidhani anakwenda kujisaidia. Mimi nilipewa sahani ya kwanza, nikala na koti langu, watu wakiniongezea.

Hakuingia kwenye tembe. Alipita mlango wake bila kuinama. Akapita zizi, ambalo lilikuwa limebaki tupu na kamba. Akashika njia ya kwenda relini, mwendo wake ule ule, hatua moja ndefu moja fupi, kana kwamba mataruma yameanzia pale pale uani, na hakugeuka, na hakurudi.